Valvu Nyekundu ya Makongolosi

Kihesa, Iringa
2 Septemba 1956

Mpwa wangu Halfani,

Barua hii ikukute mzima, wewe na mama yako, dada yangu Rukia. Mwambie mwaka huu magoti yangu yanauma kuliko yake, asijisifu. Hapa nyumbani tu wazima. Mke wangu Jaha anakusalimu na anauliza utaoa lini. Nimemjibu kwamba umeoa redio. Mahindi yamekauka vizuri, na yule jirani mwenye mbuzi tumeshapelekana barazani mara ya tatu. Nimeshinda mara zote tatu.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Ile amplifaya uliyoniletea mwezi wa saba ni aibu. Edmund, yule seremala wetu anayepiga besi, ameifunga kwenye besi yake kama ulivyoagiza, akapiga, na sauti iliyotoka ni ya mtu anayekohoa ndani ya pipa. Wanachama wa klabu walicheka. Mimi ndiye mwenyekiti wa klabu, kwa hiyo walinicheka mimi.

Pengine umesoma gazetini mtu mmoja wa pwani, anayejificha nyuma ya jina la Mpenda Dansi, akiandika kwamba bendi za bara hazina besi, zina mtu anayekwaruza sanduku. Nimemjibu. Nimeandika kwamba Jumamosi ya tarehe 26 Januari, hapa ukumbini Iringa, bendi nne zitashindana saa tisa alasiri, na besi yetu itasikika mpaka sokoni. Chini nimetia jina langu halisi, Bushiri, na anwani yangu, kwa sababu mimi sijifichi.

Basi ujue kwamba jina lile sasa liko mikononi mwako. Usinilegezee.

Mimi mjomba wako,
Bushiri


Mbeya
23 Septemba 1956

Mjomba, shikamoo.

Mama amecheka mpaka akakohoa kuhusu magoti. Anasema uache kupelekana barazani na watu wenye mbuzi, utakosa maziwa. Sisi hatujambo. Baridi imepungua. Habari kubwa ni ya dada yangu Bibie: mumewe Muhidini amepata kazi kwenye mgodi mmoja nje kidogo ya Makongolosi, kazi ya chini shimoni, na wamehamia huko wote wawili. Bibie analalamika vumbi, lakini anaonekana ana raha. Mimi namwona kila mwezi, kwa kuwa mgodi ule hauna simu. Wana redio ya kusemea, ya kuomba msaada Chunya likitokea jambo, na mimi ndiye ninayeihudumia. Nikimaliza hula wali kwake.

Kuhusu amplifaya, naomba nikueleze ili unilaumu ukiwa unajua. Kwenye tumbo la besi nimebandika kisikilizio cha simu mbovu. Kinachotoka pale ni kidogo mno, kama mnong'ono. Mnong'ono huo unaingia kwenye valvu ya kwanza, ile taa ya kioo iliyo karibu na tundu la kuingizia waya. Valvu ya kwanza inaukuza kidogo, ya pili inaukuza zaidi, na ya mwisho, ile kubwa inayounguza vidole, ndiyo inayoisukuma spika. Sasa, Mjomba, valvu ya kwanza ikisema uongo, zile za nyuma zinaurudia uongo uleule kwa kelele. Kikohozi chako kinatoka hapo.

Nimejaribu nne. Moja ukiigusa kwa penseli inalia kama kengele, na besi ikipigwa inatetemeka na kulia yenyewe. Ya pili ina mkwaruzo. Ya tatu ni safi lakini nyembamba, besi inakuwa kama gitaa lenye mafua. Ya nne ndiyo niliyokupa. Nikaongeza ukubwa wa kondensa ili sauti za chini zipite. Zikapita, zikapasua karatasi ya spika. Nimeagiza spika nyingine, na sanduku lake nalitengeneza kwa mninga, ndani nitajaza sufi.

Nipe muda. Jambo hili haliendi kwa kusukumwa.

Mwanao,
Halfani


Kihesa, Iringa
14 Oktoba 1956

Halfani mpwa wangu,

Sote wazima, alhamdulillahi. Jaha alikuwa na homa, imeondoka. Mpe mama yako pole ya kikohozi, na kwa Bibie fikisha salamu zangu, mwambie vumbi la dhahabu si vumbi la kulalamikia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa hasira. Umeniandikia kurasa mbili za sababu. Nani alikuomba sababu? Sababu serikali inanipa kila siku. Kwa fundi nataka sauti.

Usidhani mimi ni mjinga wa mambo haya. Nimeazima kitabu cha redio kwa mwalimu wa misheni, nimekisoma chote na kamusi mkononi. Umekosea mahali pamoja. Umejaribu valvu za redio za kusikilizia taarabu, basi. Kitabu kinasema kuna valvu zilizotengenezwa kwa ajili ya mdomo wa mtu, za kukuza sauti ndogo bila mkwaruzo wala mtetemo, na kwamba zinawekwa kwenye redio za kusemea. Nyingine zimepakwa rangi nyekundu nje ya kioo. Unaniambia Mbeya nzima hakuna? Polisi wana redio za kusemea. Mashamba yanazo. Hata hilo shimo la shemeji yako unasema lina moja.

Mpenda Dansi ameandika tena. Anasema watu wa Iringa wasisumbuke kununua pamba za masikio. Klabuni wameibandika barua yake ukutani, juu ya kiti changu. Nimewakataza kuibandua.

Itafute hiyo valvu. Sitauliza umeipataje.

Mimi,
Bushiri


Mbeya
11 Novemba 1956

Mjomba, shikamoo.

Samahani kwa kukawia. Mama hajambo. Nilikuwa Makongolosi wiki iliyopita, Bibie anawasalimu. Muhidini amesifiwa na msimamizi, na mwezi ujao huenda akapelekwa kwenye ngazi ya chini kabisa, ambako mshahara ni bora.

Nimeipata. Ni nyekundu, kama kitabu chako kilivyosema, na ina kofia ndogo ya chuma kichwani. Nimeiweka mahali pa valvu ya kwanza, kwa soketi mpya niliyoitoboa pembeni. Ile soketi ya zamani nimeiacha.

Sijui nikuandikieje. Nilimwomba mpiga besi wa hapa, Asukile, aje na besi yake. Alivuta waya mmoja tu, ule mnene, akauachia. Hakuna mkwaruzo wala kikohozi. Sauti ilikuja taratibu kutoka chini, ikakaa ndani ya chumba, na ilipoondoka tulijua imeondoka. Asukile aliangalia mkono wake. Jirani yetu mama Tupokigwe alikuwa uani na ungo, akaja mlangoni kunigombeza, akasema, "We Halfani, mchele wangu unajipepeta wenyewe, zima hicho kitu." Asukile akapiga tena makusudi. Mama Tupokigwe akasimama palepale hajui acheke au anitukane.

Natuma kila kitu kwa Sedekia, dereva wa lori la mchele linalopitia Rujewa. Mwambie Edmund asiiguse ile nyekundu. Kioo chake ni chepesi, na nyingine sina.

Mwanao,
Halfani


Kihesa, Iringa
25 Novemba 1956

Mwanangu Halfani,

Leo nakuita mwanangu. Sote wazima, hata magoti.

Sedekia alishusha sanduku Jumanne, akagoma kuondoka mpaka asikie. Tukaliwasha. Edmund ni mtu wa maneno machache, Mhehe wa kweli. Alipiga wimbo mzima amefumba macho, kisha akaweka besi chini akatoka nje. Nilimfuata. Nikamkuta amesimama kando ya barabara. Akaniambia, "Mzee, nilitaka kujua inafika wapi. Imefika hapa kabla yangu."

Mpwa, mimi nimeishi miaka arobaini na tisa nikipiga kelele kwa kalamu, kwa watu wasiosikia. Kwa mara ya kwanza nimesikia kitu changu kikisema nacho kikafika. Usicheke.

Niliahidi kutouliza, lakini nakudokeza tu: kama kuna mtu wa kushukuriwa, nitamshukuru gazetini.

Mjomba wako,
Bushiri


Mbeya
16 Desemba 1956

Mjomba, shikamoo.

Mama anakusalimu. Mimi sijambo, usingizi tu ndio haba.

Hakuna wa kushukuriwa gazetini. Tafadhali usiandike lolote.

Mvua zimeanza mapema Makongolosi. Nimerudi huko juzi, barabara mbovu, tulisukuma gari mara nne. Bibie anasema maji yanatoka kwenye kuta za shimo na pampu inafanya kazi kutwa. Muhidini sasa yuko ngazi ya chini. Akirudi nyumbani nguo zake zimelowa mpaka kifuani, na akiulizwa anasema ni jasho.

Mjomba, nina ombi. Ile valvu nyekundu nirudishie. Mwenyewe anaitaka. Kwenye kopo hili, ndani ya pamba, nimekuwekea nyingine nzuri. Inaingia kwenye ile soketi ya zamani, na maelezo ya waya nimeandika kwenye karatasi. Edmund ana mikono mizuri, ataweza. Hii ya kopo si mbaya. Itasikika ukumbini kote.

Mpe Sedekia ile nyekundu akigeuza. Nakuomba sana.

Halfani


Kihesa, Iringa
30 Desemba 1956

Halfani,

Salamu kwa mama yako. Huku wazima. Jaha amewapikia Wakristo wa mtaa mzima sikukuu yao, na kina Edmund wametuletea nyama.

Nimeijaribu hiyo valvu yako ya kopo. Nilimwomba Edmund afuate karatasi yako, neno kwa neno. Unasema si mbaya. Mimi nasema ni mbaya. Ni mtu yuleyule wa kwenye pipa, ila sasa amekunywa dawa. Edmund mwenyewe, ambaye hajawahi kulalamika tangu azaliwe, alisema kwa upole, "Hii imesinyaa." Tumerudisha nyekundu siku hiyohiyo.

Zimebaki wiki nne. Nimetoa neno langu mbele ya nchi nzima. Mpenda Dansi atakuja mwenyewe, ameandika, na atakaa kiti cha mbele. Wewe unataka nikatwe ulimi wiki nne kabla ya kusema? "Mwenyewe anaitaka." Mwenyewe alikuwa wapi Novemba? Mtu akiazimisha kitu huazimisha kwa siku zake. Nitairudisha Jumapili tarehe 27, asubuhi, kwa mkono wangu.

Na usiniandikie mwenyewe ni nani. Nakujua, utaniandikia hadithi ya kunitia huruma. Sitaki kujua. Nikijua nitakuwa na la kufanya.

Bushiri


Mbeya
10 Januari 1957

Mjomba,

Shikamoo. Salamu zote utazipata kwa mdomo wa Sedekia, mimi naandika lile uliloniambia nisiandike.

Ile valvu nimeitoa kwenye redio ya kusemea ya mgodi wa kina Muhidini. Ni valvu ya kwanza, ile iliyo nyuma ya kisemeo, inayoichukua sauti ya mtu kabla haijapelekwa Chunya. Mahali pake nimeweka moja chakavu, ya jina lilelile, niliyokuwa nayo kwenye droo. Hivi ndivyo tufanyavyo mafundi, Mjomba, usijifanye hujui. Tunachukua nzuri ya mteja asiyeitumia, tunamwachia iliyochoka, kwa sababu yeye huiwasha mara moja kwa mwezi tunapokuja kuipima. Niliipima mbele ya karani wao wa redio, Didas. Tukasema moja mbili tatu, Chunya wakajibu, Didas akatia sahihi. Ilichukua dakika tatu.

Mwezi uliopita Didas alizungumza na Chunya kwa muda mrefu, habari za mafuta ya pampu. Akaniambia, "Fundi, ikifika dakika ya kumi sauti yangu inazama. Wenzangu wanasikia mvumo tu, kama mtu aliyeziba mdomo." Nilijua palepale. Ile chakavu ikipata moto inalegea. Nikamwambia ni mvua. Akaniamini, kwa sababu mimi ndiye fundi.

Ile ya kopo haiingii kwenye redio yao, miguu yake ni mingine. Mbeya nzima nimetafuta, hata kwa polisi nimepita nikijifanya nanunua vitu vibovu. Nimeagiza Nairobi, wanasema wiki sita. Kumwambia mwenye mgodi sijaweza. Nitafungwa, mama atabaki na nani?

Maji yanaongezeka. Muhidini hajamwambia Bibie jinsi yalivyo, lakini mimi kaniambia. Nyuma ya ukuta wa ngazi yao kuna shimo la zamani lililojaa maji, na hakuna anayejua ukuta ule una unene gani.

Nimemwambia Sedekia akukabidhi hii mkononi. Anageuza Alhamisi. Mpe. Nitaingoja Rujewa mwenyewe, niende nayo moja kwa moja.

Halfani


SIMU YA MAANDISHI
Mbeya, 18 Januari 1957

SEDEKIA AMEFIKA RUJEWA MIKONO MITUPU STOP NAKUOMBA MJOMBA STOP LEO HII STOP HALFANI


Mbeya
3 Februari 1957

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo kwa hali aliyo nayo. Bibie yuko hapa kwetu, chumba cha nyuma, amekaa eda. Muhidini amefariki. Najua umekwishasikia, kwa kuwa Sedekia aliniambia amekupa habari, lakini ni wajibu wangu kukupa habari ya msiba wa nyumba yetu kwa maandishi.

Ilikuwa Ijumaa tarehe 25, saa mbili asubuhi. Ukuta uliachia. Wengi walipanda kamba wakatoka. Watano walibaki chini, wamekwea juu ya jabali, maji yakiwa yamefunga njia. Walikuwa wazima. Waliokuwa juu waliwasikia wakigonga bomba.

Didas aliwasha redio akaita Chunya. Yule aliyepokea akamwambia asubiri, akamwite bwana mkubwa. Didas akaendelea kuita ili wasimpoteze. Bwana mkubwa alipofika, dakika kumi zilikuwa zimeisha. Alisikia neno maji, akasikia neno shimo, kisha mvumo tu. Mgodi ule una mashimo mawili, maili nane kati yake, na lile la mbali ndilo linalojaa kila mwaka. Wakapeleka pampu kubwa na kamba kule. Didas aliita mpaka saa sita, sauti imekauka, haifiki popote. Akamtuma mtu na baiskeli, mto ukamzuia. Pampu ilifika jioni. Wawili walitolewa wazima. Watatu hapana. Kugonga kulikoma saa nane mchana.

Tumemzika Makongolosi Jumamosi, kabla ya adhuhuri.

Mwenye mgodi anasema Didas alilewa, ndiyo maana hakusema vizuri. Wamemwachisha kazi, na polisi wanamhoji. Waliniita na mimi, kama fundi. Niliulizwa kama redio ilikuwa nzima nilipoipima mara ya mwisho. Nilisema ilikuwa nzima.

Kifurushi chako kilifika Jumanne tarehe 29. Valvu haikuvunjika. Umeifunga vizuri sana, kwa gazeti mara tatu na kitambaa. Niliigeuza yote nikitafuta barua, sikuiona.

Bibie haniulizi kitu. Ananisikia nikifanya kazi upande wa pili wa ukuta. Jana nilizima pasi ya kulehemu nikaanza kukusanya vifaa, akasema kutoka chumbani, "Endelea tu kaka, usiache kazi kwa ajili yangu."

Halfani


Kihesa, Iringa
17 Februari 1957

Halfani,

Poleni. Mama yako mpe pole. Sina salamu nyingine inayofaa.

Barua yako ya tarehe 10 niliipokea tarehe 14, Jumatatu, mkononi kama ulivyotaka. Niliisoma nimesimama kando ya lori, Sedekia akifunga maturubai. Jaha alipoiulizia nilimwambia ni habari za spika. Niliisoma yote. Naandika hivi ili usije ukanitafutia udhuru wa posta.

Alhamisi Sedekia alikuja. Nilimwambia kifurushi hakijawa tayari. Simu yako ya maandishi ilifika Ijumaa jioni. Niliikunja nikaiweka ndani ya kitabu cha redio. Nilijiambia kuta za mashimo haziwezi kuchagua wiki yangu. Nilijiambia wewe ni mwoga tangu utoto, unaona mafuriko kwenye kikombe. Nilijiambia siku kumi si kitu. Mimi nina maneno mengi, Halfani, na yote niliyaelekeza kwangu mwenyewe, na mwenyewe nikashindwa.

Nilifikiri pia jambo hili, na ni hili ninalolionea haya kuliko yote: kwamba wewe ungeweza kumwambia mwenye mgodi, basi dhambi ni yako. Nilikushtaki moyoni, nikakuhukumu, nikaenda mazoezini.

Jumamosi tulipiga. Ukumbi ulijaa, wengine madirishani. Muhidini alikuwa ameshazikwa na mimi sijui. Edmund alipiga kama hatapiga tena. Mpenda Dansi ni mzee mfupi, mstaafu wa bandarini, mpole. Alinijia akanipa mkono akasema ameshindwa kwa furaha. Watu walinibeba. Jumatano yake ndipo Sedekia alipopita na habari.

Sasa sikia nililofanya baada ya hapo. Nilikaa nikaandika gazetini. Niliandika kwa moto kwamba wenye migodi wanawazika Waafrika kwa kubana senti, kwamba wanaweka redio mbovu na fundi wa kuzipima hawamlipi vya kutosha, kwamba damu ya shemeji yako iko mikononi mwao. Ilichapwa tarehe 9. Msikitini walinipa mikono, na mkuu wa klabu ya Wabena alikuja kwa miguu kunipongeza. Kila sentensi ndani yake ni kweli kuhusu migodi. Niliiandika ili mimi na wewe tusionekane ndani yake. Na yule Didas, ambaye ningemtetea kwa wino wote ulioko Iringa, sikumtaja, kwa sababu ukimtetea Didas lazima useme nani aliilegeza sauti yake.

Miaka yote nimewaambia watu kwamba wakubwa hawawezi kuandika jina lao chini ya kosa lao. Basi nimeandika barua nyingine kwa mhariri. Ni fupi. Ina majina mawili na tarehe. Imo humu, bahasha yake haijafungwa, stempu nimebandika. Hakuna ruhusa yako ninayoiomba kwa jina langu. Kwa jina lako, naomba.

Lakini kabla hujanijibu asome Bibie. Mpe barua hii na ile. Akisema zichomwe, zichome, na mimi nitakuja kumwambia polisi wa Iringa kwa mdomo. Natamani kuja kukaa naye matanga, kama ataniruhusu.

Amplifaya nimeifungia stoo. Edmund haniulizi kwa nini. Nadhani Sedekia amemwambia.

Bushiri


Mbeya
25 Februari 1957

Mjomba,

Nimempa zote mbili jana baada ya alasiri, nikakaa mlangoni. Alisoma taratibu. Mama aliuliza kuna nini, Bibie akamwambia ni barua ya Mjomba.

Alipomaliza aliniuliza chumba changu cha kazi nakihamisha lini, kwa sababu hataki tena kunisikia. Nikasema nitahama mimi. Akakubali kwa kichwa. Kisha akachukua bahasha ya mhariri, akaifunga kwa mate yake mwenyewe, akanipa niipeleke posta. Kuhusu wewe alisema, "Mwambie asije. Nikitoka eda nitamwandikia mwenyewe kama nina la kumwandikia."

Valvu nilikuwa nimeirudisha kwenye redio ya mgodi tangu mwanzo wa mwezi. Karani mpya aliijaribu robo saa nzima. Chunya walimsikia mpaka akawaambia basi.

Bahasha nimeitumbukiza leo saa tatu. Didas yumo mahabusu tangu Ijumaa. Kituo cha polisi kiko ng'ambo ya barabara, na hii naandika nikiwa kwenye benchi lao, na penseli niliyoazima kwa askari wa zamu. Ameniuliza mara mbili shida yangu ni nini. Nimemwambia namngojea mkubwa wake. Sasa ananiita.

Halfani